Hanamu katika Kona ya Bati: Usanifu wa Mikunjo kwa Tarakilishi na Lugha ya Kuueleza

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya aendaye shule ya bweni kwa mara ya kwanza aghalabu huandamana na sanduku la bati. Hulikalia anaposubiri gari, hulitia kufuli, na jina lake huandikwa kwa rangi juu ya kifuniko. Ni nadra kwake kuzitazama kona za sanduku hilo, isipokuwa siku zitakapomkata kidole. Hata hivyo, ni katika kona hizo ambapo ujuzi wa fundi hudhihirika. Upande wa sanduku ni mstari mnyoofu tu, na yeyote mwenye nyundo na kipande cha reli aweza kuukunja. Kona ni mahali ambapo pande tatu hukutana, na kila mmoja hudai nafasi yake.

Makala haya yanafafanua jambo moja kuhusu kona hiyo, nalo ni namna midomo miwili ya bati inavyokatwa hanamu ili ikutane pasipo kupandana, na namna kazi hiyo inavyosanifiwa katika tarakilishi kabla ya bati lenyewe kuguswa. Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu li karakanani. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliyoitangaza sekta isiyo rasmi ya Kenya kwa walimwengu, mengi yameandikwa kuhusu jua kali, na takriban yote yameandikwa kwa Kiingereza. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba, nao, hupimiana, hukosoana na kupatana bei kwa Kiswahili. Siku hizi mchoro wa kisanduku cha swichi za umeme au wa kabati la duka waweza kutoka katika tarakilishi ya kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, ukatumwa kwa mashine ya leza, kisha bati lililokatwa likafikishwa kwa fundi ili alikunje. Menyu za programu ni za Kiingereza, maelezo pembezoni mwa mchoro ni ya Kiingereza, na mtaala uliomfunza kijana yule ni wa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini mchoro haujapata habari hizo. Bati likiharibika, hasara humwangukia asiyeuelewa mchoro, si aliyeuchora.

Neno lenyewe

Waingereza hutumia neno moja kwa kona ya aina hii na kwa kofia ndefu ya askofu. Mfasiri anayetegemea kamusi pekee aweza basi kujikuta akiandika kwamba bati limekatwa “kilemba”, maadamu hilo ndilo neno ambalo wafasiri wa Biblia walilitumia kwa vazi la kichwani la kuhani mkuu katika kitabu cha Kutoka. Fundi akisoma hivyo atacheka, na ana haki ya kucheka. 

Kiswahili kina neno lake la zamani, hanamu. Kukata hanamu ni kukata kwa kwenda upande, si kwa pembe mraba. Neno mshazari pia lafaa, ila mshazari huweza kuwa mstari wowote ule uliolala upande, ilhali hanamu limezoeana na kitendo chenyewe cha kukata. Seremala anayeunga fremu ya picha hukata hanamu kwenye ncha za mbao zake nne. Fundi cherehani anayeshona upindo wa kitambaa cha meza hukata hanamu kwenye kila kona, la sivyo kitambaa kitajaa na kuvimba pale ambapo upindo mmoja unapanda juu ya mwingine. Mafundi hao wawili na yule wa bati wanatatua tatizo moja. Wanachotofautiana ni kwamba kitambaa husamehe.

Maneno mengine yatakayotumika hapa hayahitaji kamusi. Sehemu ya chini ya kisanduku ni sakafu. Zinazoinuka ni kuta. Ukingo mwembamba unaokunjwa juu ya ukuta ni mdomo. Mahali bati linapopindwa ni mkunjo. Bati likiwa bado halijakunjwa, likiwa limelala na umbo lake lote limechorwa juu yake, litaitwa sura bapa.

Jaribio la karatasi

Kabla ya tarakilishi, karatasi ngumu ya manila na mkasi vyatosha. Msomaji na achore mstatili wa sentimita 20 kwa 15, huo uwe sakafu. Kila upande aongeze sentimita 5 za ukuta. Kwenye kila kona ya karatasi sasa kuna mraba wa sentimita 5 kwa 5 ambao si wa ukuta huu wala wa ukuta ule. Akiuacha, karatasi itakunjamana anapoinua kuta. Akiukata na kuutupa, kuta nne zitasimama na kugusana.

Sasa na aongeze juu ya kila ukuta mdomo wa sentimita 2, utakaokunjwa kuelekea ndani. Akishasimamisha kuta na kulaza midomo, ataona kwamba tatizo limegeuka. Kwenye sakafu, mraba wa kona haukuwa na mwenyewe. Kwenye midomo, kila kona ina mraba mmoja wa sentimita 2 kwa 2 wenye wenyewe wawili. Mdomo wa ukuta mrefu unaudai wote, na mdomo wa ukuta mfupi vilevile unaudai wote.

Kuna njia tatu za kuamua kesi hiyo. Ya kwanza ni kumpa mmoja mraba wote na kumkata mwenzake pembe mraba. Njia hii ni nyepesi na si mbaya, na masanduku mengi yametengenezwa hivyo. Ya pili ni kuacha midomo ipandane kisha ipigwe ribiti, lakini kona huwa na unene maradufu na kifuniko hakitulii juu yake. Chombo cha kuhifadhi swichi za umeme hakiwezi kuruhusu hilo, kwa sababu mpira wa kuzuia vumbi na maji hauwezi kubanwa sawasawa juu ya ukingo wenye vilima. Ya tatu ni kuugawa mraba kwa mstari unaotoka kona ya nje hadi kona ya ndani, kila mdomo uchukue nusu yake. Hiyo ndiyo hanamu. Midomo hulala katika bapa moja, hukutana kwenye mstari mmoja, na mstari huo ukichomelewa na kusuguliwa, jicho halioni mahali ulipopita.

Kwa kuwa kona ya kisanduku ni ya nyuzi 90, mstari huo huwa wa nyuzi 45. Chombo chenye pande sita zilizo sawa kina kona za nyuzi 120, na hanamu yake ni ya nyuzi 60 kutoka mstari wa mkunjo. Kwa ufupi, hanamu ni nusu ya kona. Hapa ndipo wengi husimama, na ndipo wengi hukosea, kwa kuwa kanuni hiyo ni ya kweli tu pale ambapo midomo ina upana mmoja. 

Tuseme mdomo wa ukuta mrefu una milimita 30 na wa ukuta mfupi una milimita 20. Nafasi inayogombaniwa si mraba tena, ni mstatili wa 20 kwa 30, na ulalo wa mstatili huo hauendi kwa nyuzi 45. Mdomo mpana utakatwa kwa nyuzi 56.3 kutoka mstari wake wa mkunjo, na mdomo mwembamba kwa nyuzi 33.7. Jumla yake ni 90, kama inavyopaswa. Anayekata 45 kwa yote miwili kwa mazoea ataona midomo ikifuatana vizuri hadi milimita 20, kisha pengo la pembetatu litajitokeza kwenye kona ya ndani. Pengo hilo hujazwa kwa vijiti vya kuchomelea na maneno makali.

Unene na mkunjo

Karatasi ina unene mdogo mno kuweza kumsumbua mkunjaji. Bati lina unene. Likikunjwa, upande wa nje wa mkunjo huvutika na upande wa ndani hubanwa, na mahali fulani katikati mwa unene huo pana tabaka ambalo halivutiki wala halibanwi. Urefu wa tabaka hilo ndio urefu wa kweli wa bati litakalotumika. Wasanifu hueleza mahali lilipo kwa nambari iitwayo K, ambayo ni sehemu ya unene kutoka upande wa ndani. Aghalabu huwa kati ya 0.3 na 0.5, kutegemea aina ya bati na chombo kinachokunja.

Hesabu yake si ngumu. Chukua bati la unene wa milimita 1, likunjwe kwa nyuzi 90 na kuacha tao la ndani lenye nusu kipenyo cha milimita 1, na K iwe 0.44. Urefu wa tao hilo kwenye tabaka tulivu ni 1.5708 mara 1.44, yaani takriban milimita 2.26. Fundi anayepima kwa nje, kama wapimavyo mafundi wengi, huwa amehesabu milimita 2 kwa upande huu na milimita 2 kwa upande ule, jumla 4. Kila mkunjo basi humrudishia milimita 1.74 ambazo hakuzihitaji.

Kisanduku chenye urefu wa milimita 400, upana wa 300, kuta za 100 na midomo ya 20, kikipimwa kwa nje, kina mikunjo minne katika kila mwelekeo. Jumla ya vipimo kwa urefu ni 20, 100, 400, 100 na 20, yaani 640. Ondoa mara nne ya 1.74 na sura bapa inabaki kuwa na milimita 633.05. Kwa upana, 540 inakuwa 533.05. Aliyekata 640 ana karibu milimita 7 za ziada ambazo lazima ziende mahali. Ama kuta zitarefuka kupita kiasi, ama midomo itapanuka na hanamu zake zigongane kabla ya kuta kusimama wima. Ndiyo maana hanamu iliyochorwa kwa usahihi juu ya sura bapa yenye kosa haimfai mtu kitu.

Pana jambo jingine dogo hapa, na wapendao jiometria watalifurahia. Hanamu haikati sehemu bapa ya mdomo pekee. Hupita pia katika tao la mkunjo. Tao ni kipande cha mcheduara, na mcheduara ukikatwa kwa hanamu kisha ukakunjuliwa, mkato wake hauwi mstari mnyoofu bali wimbi. Kwa tao la milimita 1, wimbi hilo ni dogo kiasi kwamba hakuna mkasi utakaolifuata. Kwa bati nene lenye tao kubwa, hata hivyo, kona iliyochorwa kwa mstari mnyoofu haitafunga barabara kwenye mkunjo, ingawa itafunga juu.

Vilevile, mahali ambapo mistari miwili ya mikunjo ya sakafu inakutana panahitaji tundu. Pasipo tundu, bati la ukuta huu na la ukuta ule husukumana pale pale kwenye ncha, na bati huvimba au huchanika. Tundu hilo la kona laweza kuwa duara, mraba au ufa mwembamba tu. Programu nyingi humpa msanifu achague. Duara ndiyo bora pale chombo kitakapotikiswa sana, kwa kuwa ufa hauanzii mahali pasipo na ncha.

Ndani ya tarakilishi

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu kuhusu Sketchpad, mfumo uliomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kiwambo kwa kalamu ya mwanga. AutoCAD ilitokea mwaka 1982 na kuuleta uchoraji huo katika tarakilishi za mezani. SolidWorks ilipotoka mwaka 1995, msanifu wa kawaida aliweza kuunda umbo zima badala ya kuchora mistari yake tu. Kwa mwanafunzi asiye na fedha za leseni ipo FreeCAD, ambayo ni huria na haina malipo, na ina kifurushi cha ziada kilichotengenezewa kazi za bati. Programu hizi hutofautiana kwa sura na majina ya vifaa, lakini zote huwaza bati kwa namna moja.

Msanifu huanza kwa kutamka mara moja unene wa bati, nusu kipenyo cha tao na K. Vipimo hivi vitatu hutawala kila mkunjo utakaofuata, na akivibadilisha baadaye, kisanduku chote hubadilika pamoja navyo. Kisha huchora sakafu. Huchagua kingo zake nne na kuziamuru ziote kuta. Halafu huchagua kingo nne za juu za kuta na kuziamuru ziote midomo.

Hapo kwenye midomo ndipo pa kuangalia sana. Msanifu akichagua kingo nne kwa pamoja, katika amri moja, programu hutambua kwamba midomo hiyo ni majirani na hukata hanamu yenyewe. Akiziotesha moja moja, kila mdomo huota urefu wote wa ukuta wake bila kujua habari za mwenzake, na kwenye kona bati mbili huwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kiwambo hakilalamiki. Tarakilishi haioni ubaya wowote bati mbili zikiwa mahali pamoja. Jambo hilo huwa kosa pale tu umbo linapotakiwa kukunjuliwa. Kosa hili ndilo la kwanza la kutafutwa pale programu inapokataa kutoa sura bapa.

La pili ni la mwanya. Programu humwomba msanifu kipimo cha nafasi itakayoachwa kati ya hanamu mbili, na anayependa unadhifu huandika sufuri. Matokeo yake ni kwamba nyuso mbili zinagusana, programu inaziunganisha kuwa bati moja, na midomo minne inageuka kuwa pete isiyo na mwanzo wala mwisho. Pete haiwezi kukunjuliwa. Mwanya wa hata sehemu ya milimita ndio unaoieleza programu kwamba kona hii imekatwa. Mwanya huo huo, bati likishatoka kwenye leza, ndio humpa fundi nafasi ya kusahihisha, kwa sababu hakuna bati linalokunjika nyuzi 90 kamili. Hukunjwa zaidi kidogo, kisha hurudi.

Kosa la tatu humpata zaidi aliyejifunza programu kwa kuunda maumbo ya plastiki. Mtu huyu hujenga boksi gumu, huliamuru liwe tupu ndani lenye kuta za milimita 1, kisha hulitangaza kuwa bati. Kwa macho ni kisanduku kilekile. Lakini kuta zake zimeungana kwenye kila kona, na lazima zichanwe ili bati likunjuke. Zikichanwa kwa hanamu inayopita ndani ya unene, yaani kila ukuta umalizike kwa ukingo ulioinama nyuzi 45, kona hupendeza kiwamboni. Leza, hata hivyo, kwa kawaida hushuka wima juu ya bati. Kingo zote inazozikata zimesimama mraba kwa uso wa bati, na haziinami.

Hapa msomaji atofautishe kona mbili ambazo lugha ya mitaani huziita kwa jina moja. Midomo miwili inayokutana imelala katika bapa moja, kama vipande viwili vya mkate vilivyosukumwa pamoja mezani. Kingo zilizokatwa mraba hugusana unene mzima, na hanamu hufunga. Kuta mbili zinazokutana hazimo katika bapa moja. Zimesimamiana kwa pembe mraba. Kingo zao zilizokatwa mraba zikisogezwa, hugusana kwenye mstari wa ndani tu, na kwa nje hubaki mfereji wenye umbo la herufi V. Mfereji huo si kosa. Ndio kitanda cha kuchomelea. Msanifu anayeuona kiwamboni na kujaribu kuufuta kwa kusogeza kuta hadi zikutane kwa nje atakuwa ameziingiza kuta hizo moja ndani ya nyingine.

Kuta zilizoinama

Yote yaliyotangulia yamechukulia kuwa kuta zimesimama wima. Fundi wa jua kali hana bahati hiyo kila siku. Karai ya kumiminia mahindi juu ya kinu cha posho ina kuta nne zinazopanuka kuelekea juu, na trei ya kuokea mikate ni hivyo hivyo. Ukuta kama huo ukilazwa chini si mstatili, ni trapeza, na swali ni ncha zake zikatwe kwa pembe gani.

Tuseme kuta zimeinama nyuzi 30 kutoka wima. Wengi wangekisia kwamba ncha ya ukuta, ukiwa bapa, nayo itatoka nje kwa nyuzi 30. Siyo. Ukuta ukipanda, kona yake husogea pembeni kwa kiasi kile kile ambacho ukuta wa jirani umeinama. Lakini urefu unaopimwa juu ya bati si kimo cha wima, ni mteremko, nao ni mrefu zaidi ya kimo. Pembe inayotafutwa ni ile ambayo tanjenti yake ni sawa na saini ya mwinamo. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5, na pembe yenye tanjenti ya 0.5 ni nyuzi 26.6. Tofauti ya nyuzi 3.4 yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye ukuta wenye mteremko wa milimita 500 ni takriban milimita 39 kwa kila ncha, na hakuna kiasi cha kuchomelea kitakachoificha.

Aidha, kuta hizo hazikutani kwa nyuzi 90 ingawa karai ikitazamwa kutoka juu ina kona za mraba. Zinakutana kwa takriban nyuzi 104.5, na kadiri zinavyolala zaidi ndivyo pembe hiyo inavyopanuka, hadi nyuzi 180 pale ambapo kuta zote zimelala kabisa na karai imekuwa sinia. Fundi anayetengeneza kipande cha kuimarisha kona kwa kukunja ukanda wa bati nyuzi 90 atashangaa mbona kinakalia ukingo mmoja tu.

Mdomo wa karai aghalabu hukunjwa nje ili ushikwe kwa boliti. Hapo mambo hurudi kwenye hali ya kwanza ya jaribio letu la karatasi, kwani midomo inayokwenda nje haigombanii mraba. Huuacha mtupu. Hanamu sasa haipunguzi mdomo. Huurefusha, kila mmoja uongezwe nusu ya mraba usio na mwenyewe. Mdomo ukilazwa mlalo kabisa, hanamu yake ni ya nyuzi 45 licha ya kuta kuinama. Ukikunjwa pembe mraba kwa ukuta, kama mashine ipendavyo, mdomo wenyewe unainama kuelekea chini, na hesabu ile ile ya saini, kwa mwinamo wa nyuzi 60 kutoka wima, inatoa mkato wa nyuzi 40.9 kutoka mstari uliosimama mraba kwa mkunjo. Programu huyafanya haya yote bila kuulizwa. Ubaya wake ni kwamba huyafanya bila kueleza pia, na kijana anayepokea 40.9 mahali alipotarajia 45 hudhani programu imekosea, akairekebisha kwa mkono.

Kutoka kiwamboni hadi kwenye bati

Sura bapa ikishapatikana, huhifadhiwa kama faili ya DXF, ambayo mashine nyingi za kukata huisoma. Kabla ya kuituma, inafaa ichapishwe kwa kipimo chake halisi, ikiwezekana kwa vipande vilivyogundishwa, ikatwe na kukunjwa kwa manila. Karatasi haitaonyesha makosa ya milimita moja, lakini itaonyesha mdomo uliogeuzwa nje badala ya ndani, na kosa hilo ni la bei ghali zaidi. Kwenye mchoro unaokwenda kwa fundi, mistari ya kukata na mistari ya kukunja itofautishwe, na kando ya kila mkunjo kuandikwe nyuzi zake na upande wake: kunja juu, kunja chini. Penye hanamu kuandikwe hanamu. Maneno hayo hayachukui nafasi kubwa kuliko yale ya Kiingereza.

Mpangilio wa kukunja nao uandikwe. Midomo hukunjwa kwanza, bati likiwa bado limelala, kisha kuta. Kuta mbili zinazokabiliana zikishasimama, mbili za mwisho haziwezi kukunjwa kwa ubapa mrefu wa mashine, kwa kuwa midomo iliyokwisha kuingia ndani itauzuia; huhitajika mashine yenye vidole vinavyoweza kupunguzwa hadi vienee kati ya kuta, au nyundo, kipande cha reli na subira. Ukuta wa mwisho unapoinuka, mdomo wake hauingii kwa pembeni. Hupita juu kidogo ya kimo cha wenzake, kisha hushuka na kulala katikati yao, hanamu kwa hanamu, na mwanya ule mdogo ulioachwa kiwamboni huonekana pande zote mbili kama uzi mwembamba wa mwanga, ukisubiri kuchomelewa.